Kuunganisha maji, maji taka na mifereji kwenye trela la paki Marekani: mwongozo kamili ili inspekta asikurudishe

Swali ni lile lile kila wiki: mbona inspekta kanirudisha wakati maji yanapita? Mtu kanunua trela lililotumika, kalihamishia paki (eneo la viwanja vya kukodi vya matrela), fundi kaunganisha maji kwa nusu siku, choo kinavuta vizuri tu, afu inspekta wa kaunti anakuja, anapiga magoti, anachungulia chini na tochi dakika mbili, anaandika karatasi, anaondoka. Umefeli. Unalipia tena ziara ya pili, unafeli kwa kitu kingine.

Nimeingia chini ya matrela mengi ya watu wetu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na karibu kila mara kosa ni moja: mtu anaangalia kama maji YANAPITA leo. Inspekta haangalii hilo. Anaangalia mteremko wa bomba, anaangalia bomba limeshikwa na nini, anaangalia maji ya mvua yataenda wapi. Tuanzie hapo.

Naongelea trela la kukaa familia, lile linaloletwa na lori na kuwekwa juu ya nguzo za matofali. Sio RV ya kutalii, ile ina mambo yake. Vipimo vingi nnavyotoa ni vya HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, ambayo sheria yake ya utengenezaji inashika matrela yote yaliyotengenezwa kuanzia 15 Juni 1976. Juu ya hapo jimbo lina zake, kaunti ina zake, na kitabu cha kiwanda kilichokuja na nyumba kina zake. Zikigongana, mwenye kauli ya mwisho ni inspekta wako, kwa hiyo muulize kabla hujakata bomba.

Na majimbo mengi hayaruhusu ufanye mwenyewe, lazima fundi mwenye leseni. Sawa tu. Soma hata hivyo, ili ujue unachomlipia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze na nusu ya vifaa ukategemea kukimbilia dukani, manake ukiacha bomba wazi usiku mmoja wa Januari utajuta.

- Bomba la taka inchi 3, aina ile ile iliyopo chini ya nyumba. Jeupe ni PVC, jeusi ni ABS. Shedyuli 40 (ndo unene wa ukuta wa bomba), sio yale membamba ya mifereji ya bustani
- Kona, viungo vya Y na angalau milango miwili ya kuzibulia yenye kifuniko cha kufungua kwa spana
- Praima ya zambarau na gundi ya aina ya bomba lako. Gundi ya PVC haishiki ABS
- Kaplingi ya mpira yenye mikanda ya chuma, ya kuunganisha bomba lako na la paki. Pima kwanza, mara nyingi lako ni inchi 3 na lao ni inchi 4
- Mikanda ya kuning'iniza bomba, ya kutosha kuweka mmoja kila futi 4
- Bomba la maji safi robo tatu ya inchi, na valvu ya tufe (ball valve) ya kufunga maji, ile ukizungusha mkono robo duara inafunga kabisa
- Geji ya presha ya kufunga kwenye koki ya nje, ni ya bei ndogo
- Kipunguza presha, kama geji itasema zaidi ya psi 80 (psi ni kipimo cha presha)
- Plagi ya kujaribia, ya kuziba bomba la inchi 3 kwa muda
- Waya wa kupasha bomba joto, ulioandikwa wazi kwenye boksi kwamba ni wa trela, na sponji ya kuvalisha bomba
- Karatasi ya plastiki nzito, mil 6 (mil ni sehemu ya elfu ya inchi, sio milimita), ya kutandaza ardhini
- Pima maji ya futi 4, futi kamba, tochi ya kichwani, glavu, miwani, nguo za kutupa

## Hatua ya 1: Jua mpaka wako na wa paki uko wapi

Kwenye kila kiwanja cha paki kuna vibomba viwili vimechomoza ardhini. Kimoja cha maji safi, kingine kinene cha maji taka. Wenyewe wanaviita raiza. Kawaida kutoka raiza kwenda chini ni mali ya paki, kutoka raiza kuja juu ni yako. Kawaida, sio lazima, kwa hiyo soma mkataba wa kiwanja, na kama haujasema, mwandikie meneja ujumbe akujibu kwa maandishi.

Kwa nini nasisitiza: kuna kaka mmoja alilipa kuzibuliwa mara nne kwa mwaka mmoja. Mara ya tano fundi akapitisha kamera, kumbe mizizi ya mti imeingia kwenye bomba la paki, futi nyingi tu kupita raiza. Pesa yote ile haikuwa yake kulipa.

Kabla trela halijaja fanya haya:

Mwagia ndoo mbili tatu za maji kwenye raiza ya taka. Yakizama haraka bila kurudi, poa. Yakisimama, mwite meneja SASA, wakati bado hakuna nyumba juu yake.

Angalia kama raiza imechomoza juu ya ardhi inchi kadhaa na ina kifuniko. Ikiwa sawa na ardhi, mvua ikinyesha maji yote ya uwanja yanaingia kwenye sewa, yaani mfumo wa maji taka, na hilo haliruhusiwi.

Uliza maji ya paki yanatoka wapi. Kama ni ya mji, haya. Kama paki ina kisima chake na ina miunganisho 15 au inahudumia watu 25 wanaokaa mwaka mzima, kisheria huo ni mfumo wa maji wa umma, na lazima watoe ripoti ya ubora wa maji kila mwaka kabla ya 1 Julai. Omba ya mwaka jana. Meneja akianza kuzungukazunguka, hapo umeshapata jibu.

Ukitaka kuchimba popote hata shimo dogo, piga 811 kwanza. Ni bure, wanakuja kuweka alama palipo na gesi na umeme.

Ukifanikiwa: una kibali cha kaunti cha kufanya kazi hii mkononi, unajua raiza zote mbili ziko wapi kwa vipimo, na umeona maji yakizama.

## Hatua ya 2: Ardhi kwanza, bomba baadaye

Hii ndo watu wanairuka halafu inawagharimu kuliko zote. Ukishaweka nyumba huwezi tena kuingiza koleo na toroli chini yake.

Kipimo ni nusu inchi kwa kila futi, kwa futi 10 za mwanzo kutoka ukutani. Yaani ukitoka nje ya nyumba hatua kama nne hivi, ardhi iwe imeshuka inchi 5. Pande zote. Na pale chini pa nyumba penyewe pasiwe bakuli. Pajaze udongo mgumu upashindilie, usijaze mchanga mtupu wala majani, vinatitia.

Sababu: trela halina msingi kama nyumba ya kwetu, limekaa juu ya nguzo. Maji yakituama udongo unalainika, nguzo moja inazama kidogo, nyumba inapinda, na ikipinda bomba lako la taka uliloliwekea mteremko kwa hesabu nalo linapinda. Vyote vimeshikana.

Kama jirani yuko juu yako na maji yake yanakuja kwako, chimba mfereji mpana usio na kina upande wa juu uyazungushe. Ongea na meneja kabla, usije ukamwelekezea jirani wa chini mkaanza ugomvi.

Halafu tandaza plastiki ya mil 6 ardhi yote itakayokuwa chini ya nyumba. Vipande vipandane inchi 12. Hii inazuia unyevu wa ardhini kupanda kwenye sakafu. Usipoiweka utashangaa sakafu ya bafuni inabonyea na hakuna bomba linalovuja.

Maji ya paa nayo yapeleke mbali na nyumba kwa bomba la mtaro. Usithubutu kuyaingiza kwenye raiza ya taka. Najua inavutia, shimo liko pale pale karibu. Hapana.

Ukifanikiwa: siku ya mvua nzito ukichungulia chini, plastiki ni kavu.

## Hatua ya 3: Trela liwe sawa

Fupi hii. Lazima liwe limekaa kwenye nguzo zake zote na limepimwa na pima maji kabla hujagusa bomba, na chini ya vyuma vikuu kubaki nafasi isiyopungua inchi 12 mpaka ardhini. Kwa bomba la taka inchi 12 ni kidogo mno, ukiweza omba zaidi, utaona sababu sasa hivi.

ONYO: usiingie chini ya trela lililoshikwa na jeki. Nguzo tu. Na zima umeme wa nyumba kabla hujatambaa, waya za chini mara nyingi panya wameshaonja.

## Hatua ya 4: Bomba la maji taka, hapa ndo kazi

Chini ya nyumba utakuta midomo ya taka inashuka kutoka choo, jikoni, mashine ya kufulia. Kwenye matrela mapana ya vipande viwili kila kipande kina midomo yake, na viungo vya kuviunganisha vinakuja na nyumba, vimefungwa kwenye boksi au vimefichwa kabati la jikoni. Usivitupe ukidhani ni takataka za kiwandani, imetokea.

Fanya hesabu kabla ya kukata. Mteremko ni robo inchi kwa kila futi. Kama kutoka mdomo wa mbali mpaka raiza ni futi 40, bomba litashuka inchi 10. Futi 60, inchi 15. Umeona sasa kwa nini inchi 12 za nafasi hazitoshi? Kama huna nafasi, unaruhusiwa moja ya nane ya inchi kwa futi, nusu ya ile, ILA uweke mlango wa kuzibulia kwenye mwanzo wa juu wa bomba. Kwa futi 40 hapo unahitaji inchi 5 tu. Mimi mlango ule naweka hata kama mteremko umetosha, siku ya kuziba utanishukuru.

Namna rahisi ya kupima. Chukua pima maji ya futi 4, kwenye ncha yake ya upande wa chini bandika kipande cha mbao cha inchi 1 kwa gundi ya karatasi. Iweke juu ya bomba, mbao iguse upande unaoelekea raiza. Kile kiputo kikikaa katikati, una robo inchi kwa futi kamili. Huhitaji hesabu tena, unatambaa nayo tu kutoka mkanda hadi mkanda.

Mikanda kila futi 4. Usifunge kwa waya wa nguo, usiegemeze juu ya tofali lililolala ardhini. Bomba linaning'inizwa kwenye vyuma vya nyumba, ili nyumba ikisogea visogee pamoja.

Nikueleze nilichokiona Iowa, Februari. Dada mmoja choo kimerudisha, sebuleni harufu, watoto wanaenda kwa jirani. Nimetambaa na tochi, bomba lote zuri, gundi safi, fundi alijua kazi. Ila kati ya mkanda na mkanda kaacha kama futi 9, na pale katikati bomba limebonyea kama chandarua kilicholaliwa, kama inchi mbili hivi. Ukiligonga halilii, limejaa. Maji yalikuwa yanabaki pale kila siku kidogo kidogo, baridi ilipofika yakaganda, kilichokuja nyuma kikakaa juu ya barafu. Tulikaa saa tatu na mashine ya kukaushia nywele tukiyeyusha. Mikanda miwili tu ndo iliyokuwa imekosekana, na dukani haifiki hata bei ya chakula cha mchana.

Kukata na kuunganisha. Panga vipande vyote vikavu kwanza, chora alama kwa kalamu mahali kila kiungo kitakapokaa, pima mteremko, ukiridhika ndo ufungue gundi. Kwa PVC: safisha ncha, paka praima, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku unazungusha robo duara, shikilia nusu dakika. Ukiachia mapema kiungo kinajisukuma chenyewe kurudi nyuma. Kwenye baridi gundi inachelewa kukauka, soma kopo.

Zamu kali za nyuzi 90 bomba likiwa limelala ziepuke, tumia mbili za 45. Uchafu haupendi kona ya ghafla.

Kuingia kwenye raiza. Kaplingi ya mpira, mikanda ya chuma ikazwe. Ule mpira una kazi mbili, kuziba, na kuruhusu nyumba isogee kidogo bila kupasua bomba. Usiunganishe kwa lile bomba la kukunjamana la RV. Naona watu wengi wanalitumia kwa sababu linafika popote bila hesabu. Mikunjo inashika uchafu, jua linalipasua, inspekta akiliona hata hateremki kuchungulia, anaandika kwa mbali. Na usiingize bomba dogo ndani ya kubwa ukajaza sponji ya kupuliza, hilo nalo nimeliona.

Tumbo la nyumba. Lile shuka jeusi linaloshika sufi chini ya sakafu, popote ulipolikata kupitisha bomba lizibe na tepu yake. Tundu la ngumi linatosha familia nzima ya panya.

Ukifanikiwa: kiputo kiko katikati kila unapopima, hakuna futi 4 bila mkanda, na ukipiga jicho kutoka juu mpaka raiza bomba limenyooka kama rula.

## Hatua ya 5: Jaribu taka kabla ya mtu kutumia choo

Fanya hili kwa maji masafi, siku hiyo hiyo, na wambie familia hakuna kwenda haja mpaka umalize. Natania kidogo lakini sio sana.

1. Ziba ncha ya bomba kabla ya raiza kwa ile plagi.
2. Ziba matundu ya beseni la kuogea na bafu. Usisahau! Yako chini kuliko ukingo wa choo, ukiacha wazi maji yatatokea pale yafurike sakafuni.
3. Jaza maji kupitia sinki mpaka yafike ukingo wa bakuli la choo. Acha hewa itoke, ongeza tena.
4. Subiri dakika 15. Kwa saa, sio kwa kukisia.
5. Ingia chini na tochi na karatasi kavu ya jikoni, futa kila kiungo kwa chini. Karatasi ikilowa, kuna kazi.

Kuachia: legeza plagi pole pole ukiwa umekaa pembeni, usikae mbele yake. Bomba lililojaa la futi 40 lina uzito na linatoka kwa hasira.

Ukifanikiwa: maji yamebaki pale pale ukingoni na karatasi ni kavu. Kiungo cha gundi kikivuja usipake gundi kwa nje, kata, weka kipya. Gundi ya nje itashika mpaka inspekta aondoke, afu itaachia.

## Hatua ya 6: Maji safi

Hapa kazi ni nyepesi ila makosa yake ni ghali.

Fungua raiza ya maji ndani ya ndoo dakika chache kwanza, itoe kutu na mchanga, usiupeleke kwenye nyumba. Na valvu za raiza za sehemu za baridi nyingi zinafungia chini ardhini na zina tundu la kumwaga maji. Zifungue mpaka mwisho au zifunge mpaka mwisho. Ukiiacha nusu inamwaga chini ya ardhi kimya kimya na wewe unashangaa bili.

Pima presha kwa geji. Ikizidi psi 80 lazima kipunguza presha. Sio anasa, zaidi ya hapo unachakaza koki, mashine ya kufulia na viungo. Ukikifunga muulize fundi kuhusu tangi dogo la kupokea maji yanayotanuka kwenye hita ya maji, kwa sababu sasa hayana pa kurudi.

Kati ya raiza na nyumba weka valvu yako mwenyewe, mahali unapoweza kuifikia usiku wa giza bila kutambaa nyumba nzima. Ifunge kibandiko. Onyesha kila mtu mzima ndani ya nyumba, na kijana mkubwa pia. Bomba likipasuka hamtakuwa na muda wa kuulizana.

Usiunge kwa mpira wa bustani hata kwa "wiki moja tu". Haujatengenezwa kwa maji ya kunywa, na wiki moja ya watu wetu naijua, inakuwa miaka miwili.

Trela la kati ya 1978 na 1995 likague kama lina mabomba ya plastiki ya kijivu yaliyopigwa chapa PB2110. Hayo yana sifa mbaya ya kupasuka yenyewe. Panga bajeti ya kuweka PEX, mabomba ya plastiki yanayopinda, na usiyatie presha kubwa ya majaribio wakati kapeti na vitu viko ndani.

## Hatua ya 7: Jaribu presha

Kanuni ni psi 100 kwa dakika 15 bila kushuka, hita ikiwa imetengwa kwa kuungia mabomba yake pembeni. Tumia pampu ya mkono ya maji, zinakodishwa. Usitumie kompresa ya hewa kama kiwanda cha bomba hakijaruhusu, bomba la plastiki likipasuka na hewa linatupa vipande.

Sindano ikishuka usianze kufungua kuta. Anza na koki za nje, valvu za choo, viungo vya kati ya vipande viwili vya nyumba. Mara nyingi ni hivyo tu vililegea barabarani trela likiruka mashimo.

Ukimaliza rudisha hita, ijaze kabisa mpaka koki ya moto itoe maji bila kukohoa, NDO uwashe umeme wake. Hita ya umeme ikiwashwa tupu inaungua ndani ya muda mfupi sana.

Ukifanikiwa: sindano haikutikisika dakika 15, na tumbo la nyumba halijaanza kuning'inia. Likining'inia kama mimba kuna maji humo, ziba kwanza usilitoboe kwa hasira ukiwa umelala chini yake.

## Hatua ya 8: Baridi

Ukikaa Minnesota hii unaijua. Wa Texas walijifunza Februari 2021 jimbo lilipoganda siku kadhaa na mabomba yakapasuka nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo hata kusini fanya.

Waya wa joto unapita juu ya bomba la maji safi kutoka raiza mpaka linapoingia tumboni. Unaplagi kwenye soketi iliyo chini ya nyumba, mara nyingi iko karibu na bomba linapoingilia. Masharti: uwe ulioandikwa kwa trela, usijipitie wenyewe juu kwa juu, usiukate kuufupisha, na usitumie ekstensheni. Waya uliopishana unapata moto pale unapogusana na umeshachoma matrela. Ijaribu soketi mwezi wa kumi, sio usiku unaposikia koki imenyamaza.

Juu yake sponji, ila soma boksi, baadhi ya nyaya haziruhusu unene fulani.

Sasa ile desturi ya kuacha koki inadondoka usiku wa baridi. Matone membamba yanasaidia bomba la maji safi, lakini yakifika kwenye bomba la taka lenye mteremko mbovu yanaganda tabaka kwa tabaka mpaka linaziba. Asubuhi maji safi yapo, pa kuyapeleka hakuna. Ukilazimika kuacha koki, acha mkondo mwembamba kama penseli, sio tone tone. Dawa ya kweli ni hatua ya 4.

## Hatua ya 9: Inspekta aje, sketi isubiri

Usifunge sketi, zile paneli za kuzungushia chini, kabla hajaja. Watu wanafunga ili pawe pazuri, inspekta anakuja anaambiwa aangalie kupitia tundu, anasema fungueni zote. Mwachie plagi na geji zikiwa zimefungwa na maji yamejaa, aone kwa macho yake. Mpe na picha za simu za sehemu zisizofikika. Akikuonyesha kosa mwombe aandike kipimo anachotaka, sio "rekebisha bomba" tu.

Akisaini ndo ufunge sketi, na acha mlango wa kuingilia, upana usipungue inchi 18 na ukubwa wake futi za mraba 3. Uweke karibu na valvu na raiza, sio upande wa pili kwa sababu ndo panapendeza. Matundu ya hewa ya sketi usiyasahau.

## Baada ya miezi mitatu

Udongo unatulia, nguzo zinashuka kidogo. Rudi chini na ile pima maji yenye kipande cha mbao, pita mkanda kwa mkanda. Kiputo kikihama kaza mkanda, kikihama sana mwite fundi asawazishe nyumba kwanza. Kaza tena mikanda ya kaplingi ya mpira.

Na mafuta ya kukaangia mandazi jamani, mimina kwenye kopo yagande, tupa na takataka. Kile kipande cha bomba la taka kinachopita kwenye baridi chini ya nyumba ndipo yanapoganda, na hakuna mlango wa kuzibulia utakaoyafuata huko bila wewe kulala chali kwenye plastiki, uso juu, glavu zimelowa, kifuniko kinafunguka taratibu.